Vibarua Vilivyoota Nyasi: Mark Twain Kabla ya Vitabu

Samuel Langhorne Clemens, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mark Twain, alipita katika kazi nyingi kabla ya kukubali kuwa mwandishi, na karibu zote ama alizikimbia ama zilimkimbia. Kati ya utoto na umri wa miaka 30 alikuwa mwanagenzi wa kiwanda cha chapa, mpanga herufi, rubani wa meli za mtoni, askari wa wiki mbili, katibu wa kaka yake, mchimba fedha asiyepata fedha na ripota aliyeachishwa kazi. Hapo havijahesabiwa vibarua vidogo alivyojitajia mwenyewe. Alidumu siku moja katika duka la vyakula, akala sukari nyingi kupita kiasi. Alisomea sheria kwa wiki moja, akaiona inachosha. Alipojaribu uhunzi alipoteza muda akitafuta namna ya kuifanya mivukuto ijivukute yenyewe. Duka la vitabu lilimshinda kwa sababu wateja walimkatiza kila alipotaka kusoma kwa raha, na mwenye duka akampa likizo akasahau kumwambia inaisha lini.

Ugumu wa kuandika habari za maisha hayo ni kwamba shahidi mkuu ni Twain mwenyewe, na alikuwa mtu aliyelipwa kwa kutia chumvi. Miaka yake ya kuhangaika ameisimulia katika Roughing It, kilichotoka mwaka 1872, na Life on the Mississippi cha mwaka 1883, na akairudia uzeeni katika maelezo ya maisha yake aliyomtamkia karani ayaandike. Watafiti wamekuwa wakipepeta maandiko hayo huku barua za familia na magazeti ya wakati ule yakiwa pembeni. Baadhi ya visa vilivyoonekana uongo mtupu vimekutwa na ushahidi, na vingine vinavyosikika kama kweli havina shahidi wa pili hadi leo.

Alizaliwa njiti tarehe 30 Novemba 1835 katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri, akiwa mtoto wa sita kati ya saba. Kijiji kilikuwa na watu wapatao mia moja, na baadaye alijisifu kwamba kuzaliwa kwake kuliongeza wakazi kwa asilimia moja. Alipokuwa na miaka minne familia ilihamia Hannibal, kando ya mto Mississippi. Baba yake, John Marshall Clemens, alikuwa mwanasheria na hakimu, mtu mzito asiyecheka ovyo na asiyebahatika katika biashara yoyote. Alinunua maelfu kwa maelfu ya ekari za pori huko Tennessee, akaamini kwamba siku moja ardhi hiyo ingewatajirisha wanawe. Alifariki Machi 1847 akiwa na imani hiyo, na kwa miaka mingi watoto walikaa wakisubiri utajiri wa Tennessee, jambo ambalo Twain aliliona kuwa urithi mbaya kuliko ufukara wa kawaida, kwa kuwa maskini wa kawaida angalau huamka asubuhi akaenda kazini.

Samuel ilibidi aende. Mwaka 1848 aliwekwa kuwa mwanagenzi kwa Joseph Ament, mwenye gazeti la Missouri Courier. Mapatano yalikuwa chakula na nguo, bila fedha. Chakula kilikuwa kidogo, na nguo zilikuwa kuukuu za Ament mwenyewe. Kijana alikuwa kama nusu ya bosi wake kwa umbo, kwa hiyo suruali alizipandisha, kwa maelezo yake, hadi karibu na masikio. Hata hivyo ufundi aliupata. Mpanga herufi wa zama hizo aliokota herufi za risasi mojamoja na kuzipanga kwa mkono, zikisomeka kinyumenyume, na mtu anayelazimika kuzigusa herufi zote za makala ya mwenzake huishia kujua ni maneno gani yangeweza kuachwa.

Kisha kaka yake mkubwa, Orion, akanunua gazeti lake hapohapo Hannibal, akamwita mdogo wake afanye kazi kwa dola 3.50 kwa wiki. Orion anastahili insha yake peke yake. Alikuwa mwema kupindukia, mwaminifu kupindukia, na kila asubuhi aliamka na mpango mpya ambao jioni haukuwepo tena. Kwa muda wote ambao Samuel alimfanyia kazi hakupata hata senti moja. Wafanyakazi hewa wenye mishahara halisi wanajulikana. Samuel alikuwa kinyume chao, mfanyakazi halisi mwenye mshahara hewa.

Malipo yake aliyachukua kwa njia nyingine. Mwaka 1852 Orion alisafiri, akamwachia ofisi kijana huyo wa miaka 16. Mhariri wa gazeti pinzani alikuwa amekataliwa na mchumba, akaenda mtoni usiku kujitosa, kisha akaghairi. Samuel aliichonga habari hiyo kwa kisu juu ya kipande cha mbao, akamwonyesha bwana huyo akiingia majini na taa mkononi huku akipima kina kwa fimbo asije akazama kwa bahati mbaya. Mji ulicheka. Twain anasema aliyechorwa alikuja ofisini amejaa hasira, akakuta mhariri mwenyewe ni mtoto, akaondoka, na baadaye akauhama mji. Orion aliporudi hakufurahi, ingawa gazeti halikuwa limewahi kununuliwa namna ile.

Mwaka 1853 Samuel aliondoka Hannibal baada ya kumwahidi mama yake kwamba hatagusa karata wala pombe. Ahadi hiyo nayo ilikuwa kibarua cha muda. Alipanga herufi St. Louis, New York na Philadelphia, na jioni zake nyingi za New York alizimalizia katika maktaba ya bure ya wapiga chapa. Njaa na upweke vilipomzidi alirudi magharibi, akajikuta tena kwa Orion, safari hii Keokuk, jimbo la Iowa, kwa dola 5 kwa wiki za kusadikika. Mwaka 1856 ofisi hiyo ilichapa kitabu cha orodha ya wakazi wa mji na kazi zao, na Samuel, aliyekuwa na miaka 20, aliorodheshwa kuwa mtaalamu wa mambo ya kale. Keokuk ulikuwa mji mchanga ambao vitu vyake vingi vilikuwa na umri mdogo kuliko mtaalamu huyo.

Hapo ndipo alipopata wazo la Amazon. Alikuwa amesoma taarifa ya William Herndon, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyeuteremka mto huo, na kilichomteka ni habari za majani ya koka, yaliyosemwa kumpa mtu nguvu ya kupanda milima kutwa nzima bila mlo. Biashara ya zao kama hilo, aliona, haiwezi kumtupa mtu. Nauli hakuwa nayo, hadi siku moja ya baridi upepo ulipomletea noti ya dola 50 barabarani. Anasema aliitangaza gazetini, kisha akaishi kwa mateso makubwa akihofia mwenyewe asije akajitokeza. Baada ya miezi kadhaa ya kupanga herufi Cincinnati, alipanda meli ya mvuke iliyoitwa Paul Jones mwaka 1857, akashuka New Orleans na kuulizia chombo cha kwenda Brazili. Aliambiwa hakuna, na kwa dalili zilizokuwepo hakingekuwepo hivi karibuni. Koka ikaishia hapo.

Lakini katika safari hiyo alikuwa amezoeana na rubani Horace Bixby, akamwomba amfundishe kazi. Bixby alitaka dola 500. Samuel alikopa 100 za kutangulizia kutoka kwa shemeji yake, nyingine akaahidi kuzikata katika mishahara ijayo, akaanza kujifunza mto kutoka St. Louis hadi New Orleans, mwendo wa maili 1,200. Siku za mwanzo Bixby alimtajia kila rasi na kisiwa walichokipita, na Samuel aliitikia kwa adabu. Zamu iliyofuata akaulizwa rasi ya kwanza inaitwaje. Hakujua. Alipoulizwa alidhani anatajiwa majina hayo kwa sababu gani, alijibu kwamba alifikiri bwana mkubwa alikuwa akipiga soga tu. Sauti ya Bixby iliyofuata hapo, kwa masimulizi ya mwanafunzi wake, ilisikika hadi kwenye vyombo vya jirani. Daftari lilinunuliwa haraka.

Daftari lenyewe halikutosha. Mto ulikuwa na sura moja wakati wa kushuka na nyingine wakati wa kupanda, moja mchana na nyingine usiku wa giza, na mafungu ya mchanga yalihamahama, kwa hiyo somo lililohifadhiwa wiki hii lilikuwa uongo wiki ijayo. Rubani alilazimika kuubeba mto mzima kichwani na kuusahihisha kila siku. Samuel, mtu wa likizo zisizo na mwisho, aliweza. Alipata leseni tarehe 9 Aprili 1859, na mshahara wake ulifika kiasi cha dola 250 kwa mwezi, fedha ambazo Orion hakuwahi hata kuziahidi. Meli ikishang'oa nanga, hata nahodha hakuwa na amri juu ya rubani. Katika kazi zote alizofanya, hii ndiyo pekee ambayo hakutafuta kisingizio cha kuitoroka.

Mto huohuo ulimchukulia ndugu. Samuel alikuwa amemtafutia mdogo wake Henry nafasi katika meli ya Pennsylvania. Rubani mmoja wa chombo hicho alimpiga Henry. Samuel akampiga rubani, na kwa ajili ya ugomvi huo akabaki nyuma katika safari iliyofuata. Juni 1858 boila za Pennsylvania ziliripuka karibu na Memphis, na Henry, asiyefikia miaka 20, alifariki kwa majeraha siku chache baadaye. Habari hii Twain aliiandika bila chumvi, na maisha yake yote aliamini kwamba kosa lilikuwa lake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, viliufunga mto kwa biashara, na urubani ukaisha. Samuel alijiunga na vijana kadhaa wa kwao waliojiita Marion Rangers, upande wa Kusini uliotetea utumwa, akachaguliwa kuwa luteni. Kikosi kilikuwa na maofisa wengi na watiifu wachache. Mvua ilinyesha, nyumbu walikataa amri, na kila tetesi ya adui ilipofika jeshi lilirudi nyuma. Baada ya wiki mbili luteni alijiuzulu, akiwa, kwa maneno yake, bingwa wa kurudi nyuma kuliko hata aliyebuni jambo hilo. Katika makala aliyoyachapa mwaka 1885 aliongeza kwamba kikosi kilimuua mpita njia asiye na silaha. Watafiti wengi hawaamini kuwa jambo hilo lilitokea, na haikosi kuwa hapo mtia chumvi alikuwa akitafuta kusema jambo zito kuhusu vita.

Wakati huohuo Orion, aliyemuunga mkono Rais Lincoln, aliteuliwa kuwa katibu wa eneo jipya la Nevada. Uteuzi alikuwa nao, nauli hakuwa nayo. Nauli alikuwa nayo mdogo wake, kutokana na akiba ya urubani, na hivyo askari mtoro wa Kusini akamgharimia ofisa wa Kaskazini kwenda kushika madaraka. Waliondoka St. Joseph mwishoni mwa Julai 1861 kwa gari la farasi, wakafika Carson City katikati ya Agosti. Kila abiria aliruhusiwa mzigo wa pauni 25 tu, lakini Orion alibeba kamusi kubwa yenye uzito wa pauni 6, kwa hofu kwamba Nevada haitakuwa nayo. Kila gari lilipopiga korongo kamusi iliruka na kumtwanga mtu.

Samuel alikwenda kama katibu binafsi wa katibu. Kazi haikuwepo na mshahara haukuwepo, uwiano ambao yeye mwenyewe aliukiri kuwa wa haki. Akageukia misitu. Pamoja na mwenzake walijitwalia eneo la misonobari kando ya ziwa Tahoe ili wawe matajiri wa mbao, wakajenga kibanda kilichokuwa matawi zaidi kuliko kibanda. Jioni moja Samuel aliwasha moto wa kupikia, akaenda kuchukua vyombo mashuani, na alipogeuka moto ulikuwa unaupanda mlima. Walikaa ndani ya mashua wakitazama mtaji wao ukiwaka. Barua aliyomwandikia mama yake inauthibitisha moto huo. Yeye aliusimulia kama mtu aliyelipia tamasha na kuridhika nalo.

Ikafuata homa ya fedha. Huko Humboldt alitarajia kuokota madini juu ya ardhi. Aliona kitu kinachometameta kijitoni, akakificha, akajipa mashamba na safari za Ulaya, kisha akamwonyesha mchimbaji mzee, aliyemwambia kwamba ni ulanga, hauna bei. Mwaka 1862 alihamia Aurora, na alipoishiwa kabisa alishika beleshi katika kinu cha kusaga mawe ya madini kwa dola 10 kwa wiki na chakula. Baada ya wiki moja alimwambia msimamizi kuwa kazi anaipenda ila ujira haulingani nayo; angeendelea kwa dola 400,000 kwa mwezi. Aliamriwa aondoke kwenye eneo la kinu. Kisa hiki hakina shahidi mwingine, lakini barua zake za wakati huo zinaonyesha kweli alikiacha kinu baada ya muda mfupi sana.

Kuna pia hadithi ya utajiri wa siku kumi. Yeye na mwenzake Calvin Higbie, anasema, walimiliki mshipa wa fedha uliojificha chini ya ardhi ya watu wengine, na sheria ya wachimbaji ilitaka kazi ianze ndani ya siku kumi. Samuel alikwenda kumuuguza rafiki, akimwachia Higbie ujumbe aanze. Higbie naye alikuwa ameondoka, akimwachia Samuel ujumbe aanze. Siku ya kumi ilipopita, watu wengine wakauchukua mshipa. Watafiti wanapunguza sana thamani ya mali hiyo, lakini Roughing It kimetabarukiwa Higbie, kwa kumbukumbu ya mamilionea wawili wa muda mfupi.

Kati ya mashimo hayo alikuwa akituma barua za mzaha kwa Territorial Enterprise, gazeti la Virginia City, akitia saini ya "Josh". Mhariri wake, Joseph Goodman, alimpa kazi kwa dola 25 kwa wiki. Samuel alisitasita, jambo la ajabu kwa mtu asiye na kitu, kisha akakubali, na anasema alifika kwa miguu mwendo wa zaidi ya maili 100, ametapakaa vumbi na ndevu. Siku ya kwanza hakupata habari mjini isipokuwa gari moja lililoleta majani makavu ya mifugo. Akalizidisha kwa 16, akaliingiza mjini kutoka pande 16, na Virginia City ikasoma habari za majani ambazo haikuwahi kuziona. Kwa mara ya kwanza, tabia iliyomfukuzisha kazi ikawa ndiyo kazi.

Oktoba 1862 aliandika habari ya maiti ya mtu aliyegeuka jiwe, iliyokutwa imekaa mlimani. Aliyesoma taratibu mkao wa vidole na kope angegundua kwamba maiti hiyo inawadhihaki wasomaji, kidole gumba kikiwa puani na jicho moja limekonyezwa. Wengi hawakusoma taratibu. Magazeti mengine yaliinakili kama habari ya kisayansi. Mwaka uliofuata alibuni mauaji ya familia nzima, ya kutisha kiasi kwamba wasomaji, anasema, waliacha staftahi mezani. Kesho yake alilazimika kukanusha huku wahariri waliodanganyika wakimtaka afukuzwe. Goodman hakumfukuza.

Jina la Mark Twain lilitokea gazetini kwa mara ya kwanza tarehe 3 Februari 1863. Ulikuwa mwito wa mtia bildi mtoni kuwa kina ni pima mbili, yaani futi 12, maji salama kwa meli. Yeye alidai amelirithi kutoka kwa nahodha mzee Isaiah Sellers, aliyelitumia magazetini. Watafiti wamepekua maandishi ya Sellers wasilione. Waliomjua Nevada walikuwa na maelezo yao: kwamba ndivyo alivyoagiza aandikiwe deni la vinywaji viwili.

Mei 1864 ugomvi wa kalamu na gazeti pinzani ulifikia mialiko ya kupigana kwa bastola. Twain anasimulia kwamba rafiki yake alimdungua ndege kichwa wakati wa mazoezi, wapinzani wakaambiwa mpigaji ni Clemens, wakaghairi. Kilicho hakika ni kwamba siku chache baadaye marafiki hao wawili walikuwa safarini kwenda San Francisco. Huko alikuwa ripota wa Morning Call, akianza asubuhi mahakama ya polisi na kumaliza usiku kwenye majumba ya maonyesho. Aliichukia kazi hiyo, akaomba saa zipunguzwe na mshahara upunguzwe, akapewa msaidizi aliyefanya karibu kila kitu, na kabla mwaka haujaisha aliombwa kwa upole aondoke.

Majira hayo ya baridi alijificha kwenye kibanda cha wachimba dhahabu huko Jackass Hill, California. Mvua ilinyesha, dhahabu haikuonekana, na katika baa ya Angels Camp mzee mmoja alisimulia, bila kucheka hata kidogo, habari ya chura wa mashindano aliyejazwa marisau tumboni asiweze kuruka. Twain aliiandika kwa ajili ya kitabu cha mchekeshaji Artemus Ward, akachelewa, na mchapishaji akaigawia New York Saturday Press, iliyoitoa tarehe 18 Novemba 1865. Magazeti ya nchi nzima yaliinakili. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwandikia Orion akikiri kwamba ana wito wa uandishi, ila wa daraja la chini, wa kuchekesha watu.

Mwaka 1866 Sacramento Union lilimtuma visiwa vya Hawaii, na aliporudi, tarehe 2 Oktoba, alipanda jukwaani San Francisco kuvizungumzia visiwa hivyo kwa kiingilio. Kwa hofu alitawanya marafiki ukumbini wa kuanzisha vicheko. Hawakuhitajika.

Historia hiyo ya kazi ilikaguliwa rasmi mara moja tu. Mwaka 1868 aliposa binti wa Jervis Langdon, tajiri wa makaa ya mawe wa Elmira, New York, na baba mtu akaomba majina ya watu wa kumdhamini huko Magharibi. Twain alitoa sita, wakiwemo wachungaji. Majibu yalikuja yakikubaliana kwamba hafai, na mmoja akatabiri atakufa mlevi. Langdon alimuuliza kama hana rafiki hata mmoja duniani, akajibiwa kuwa inaelekea hivyo. Mzee akasema basi atakuwa yeye, na harusi ikafungwa tarehe 2 Februari 1870. Baadaye Langdon alimsikia mkwewe akimsifu Goodman, akashangaa kwa nini hakumtaja miongoni mwa wadhamini. Twain alieleza kwamba Goodman naye angesema uongo, ila wa upande wa pili: wale sita walimpa maovu yote, Goodman angempa mema yote, na mzee alikuwa ameomba ushahidi usioegemea upande.